Bamba la Shaba la Wenye Maua

Siku mjanja Bommayya alipomsikia tajiri Nagisetti akilimezea mate shamba la wakulima wa maua kando ya bwawa, masikio yalimsimama kama ya sungura.

"Bwana Setti, kumbe hujui? Mfalme wa kale alimpa babu yako shamba lile. Bamba lake la shaba, hati yenyewe ya mfalme, ninalo."

"Babu yangu aliuza chumvi!"

"Chumvi ya mfalme, bwana wangu."

Tamaa ikayamaliza maswali.

Bamba, ukweli, hakuwa nalo. Alikwenda mbio kwa Revakabbe, mchonga shaba, msichana wa maneno machache.

"Nichongee bamba la kale, dada, ulitie Kisanskriti. Kizito, cha kumtoa mtu jasho."

"Sifa za mfalme ndizo za Kisanskriti," akasema Revakabbe. "Mipaka na masharti huwa kwa Kikannada, lugha yetu ya kila siku, mkulima naye asikie. Bila hivyo baraza halipokei."

"Tia vyote! Babu wa Setti apewe shamba, ukoo wangu uwe shahidi."

"Na wenye maua waende wapi? Mama yangu yumo."

"Aa, maua huota popote."

Revakabbe aliinama, akachonga siku nne. Bommayya, ambaye kwake herufi zote ni nyayo za kuku, akalipokea bamba akisema halijapata kuandikwa zuri kama hilo.

Barazani Nagisetti aliliweka kichwani kama ilivyo desturi, akaapa kuwa ni la kweli. Bommayya akaapa pia, machozi yakimlengalenga. Karani akasoma Kisanskriti: mfalme simba, mfalme radi. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hawakuelewa hata neno, lakini adabu ni adabu.

Kisha kikaja Kikannada.

"Shamba ni la wenye maua. Babu wa Nagisetti amepewa heshima ya kuzoa tope la bwawa kila kiangazi, yeye na uzao wake, maadamu jua na mwezi vipo. Ukoo wa Bommayya, shahidi, utabeba vikapu."

"Hili bamba ni la—" Nagisetti akafoka.

Bommayya akamfinya paja. "Nyamaza! Anayeghushi bamba la mfalme hukatwa shingo. Tumeshaapa." Akawageukia wazee. "La kweli kabisa, baba zangu."

Kiangazi kile Revakabbe alipita bwawani, yasmini nyweleni, akamkuta Bommayya amejitwika kikapu, tope likimchuruzika hadi kidevuni.

"Kaza mwendo, kaka," akamwambia. "Jua lingalipo, na mwezi nao unakuja."