Balaa na Suruali ya Ushahidi

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua mbwa. Tena si mbwa hivi hivi, pitibuli, wale wanaosifika kwa ukali. Kichwa kama ndoo.

Sababu naiandika hapa tu: seremala wa mlango wa pili. Mwezi wa tano sasa anaegemeza mbao zake kwenye mlango wa duka langu la ushonaji. Wateja wanaingia kwa ubavu. Nimemwambia mara tatu. Mara zote tatu amejibu sawa, Sindano, akaendelea kupiga randa. Sindano ni mimi. Jina kanipa yeye, na sasa hata mwenye nyumba analitumia.

Muuzaji aliniuliza mbwa wa namna hii namtakia nini. Nikasema ulinzi. Akacheka. Akasema wote husema ulinzi, na wote huja wamenuna kwa ajili ya mtu fulani. Mjuaji huyo. Akaniambia pia kwamba huyu ni jike, mpole, amekua na watoto mapacha wakimpanda mgongoni. Nikamwomba hayo asimwambie mtu mwingine.

Nimemwita Balaa. Mke wangu amesema hatasimama uani kuita Balaa njoo ule. Tutaona.

Jumanne, 4 Machi

Ushindi!

Nilimfunga mnyororo wa kukokotea magari. Mzito mno, akakaa chini akagoma. Ikabidi mnyororo niubebe mimi mikononi, naye akatembea pembeni bila taabu. Kwa mbali ilionekana nahangaika kumzuia. Watu walivuka barabara. Seremala alipotuona alipanda juu ya meza yake ya kazi, randa mkononi, akabaki huko mpaka tulipopita. Tulipita mara nne.

Mchana hapakuwa na ubao hata mmoja mlangoni. Nilikaa kwenye cherehani nikautazama ule mlango mtupu. Kazi sikufanya.

Tatizo dogo. Balaa anaogopa cherehani. Nikikanyaga tu pedali anakimbilia chini ya meza na kulaza kichwa juu ya kiatu changu, anatetemeka. Nimefunga pazia, mtu asije akaona. Na mke wangu, yule aliyekataa kumwita, amempaka mafuta masikioni na anamwita Mama.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo yamelegea. Jana Balaa alichoropoka. Nikamkuta kwa seremala, amelala chali kwenye maranda, miguu yote minne juu, anasubiri kukunwa tumbo. Seremala alikuwa mezani bado, ila mguu mmoja ameshaushusha. Nikamvuta mbwa haraka nikipiga kelele kwamba hivyo ndivyo anavyofanya kabla hajashambulia. Mguu ukarudi juu. Lakini shaka niliiona usoni mwake, na leo asubuhi ubao mmoja ulikuwa mlangoni kwangu. Mmoja tu. Ananipima.

Basi nikatumia akili. Nina suruali ya kijivu ya mteja aliyehama bila kuichukua. Nikakata paja la kushoto, nikalichanachana, nikalipaka nyanya ya kopo, nikaitundika getini. Kazi safi, hata uzi mmoja haukuning'inia. Nikaeneza habari: mwizi, alfajiri, Balaa, kipande cha paja. Kufikia saa tatu hadithi ilikuwa imerudi kwangu ikiwa na wezi watatu. Sikuwasahihisha.

Mke wangu aliuliza huyo mwizi alikimbia amevaa nini. Nilijifanya natafuta kifungo.

Ijumaa, 7 Machi

Imefanya kazi kupita kiasi.

Mwenye nyumba amekuja mwenyewe, suruali ameikunja kwapani. Wapangaji sita wamemwendea. Wengine wana watoto, wanaogopa. Jumapili saa nne kuna kikao uani na watapiga kura. Wakimkataa, Balaa anaondoka siku hiyohiyo.

Nilimpigia simu muuzaji nikamwomba amchukue tena. Akasema akishauza, ameuza. Nikapiga ofisi ya mifugo. Mtu wa huko akaniambia mbwa aliyeng'ata mtu wakishamchukua harudi. Nikamuuliza harudi kwa muda gani. Akasema pole.

Nimemwambia mke wangu ukweli wote wa suruali. Nilitegemea kelele. Hakugomba hata kidogo, alikaa sakafuni akamkumbatia Balaa, akasema Jumapili nisimame niseme kila kitu mbele za watu. Yaani mbele ya seremala. Nimemwambia nitafikiria. Nimeshafikiria, siwezi. Nikisema hilo nitazikwa kwa jina la Sindano, na mbao zitafika mpaka dirishani.

Balaa amelala juu ya miguu yangu ninapoandika. Imekufa ganzi yote miwili na siitoi. Nampenda huyu mbwa. Haya, nimeandika.

Jumapili, 9 Machi

Sikusema. Nilikuwa na mpango bora zaidi.

Nilivaa koti. Nikatangaza kwamba nimempa Balaa mafunzo maalumu ya siku mbili na sasa ni mbwa mwingine kabisa. Nikamwamuru akae. Akalala. Nikamwamuru alale. Akaja kunilamba kiwiko. Seremala akasema mbwa aliyekula paja la mtu Alhamisi hawezi kuwa malaika Jumapili, na watu wakaguna kumuunga mkono. Mwenye nyumba akaiinua ile suruali juu wote waione. Akaniuliza, mbwa wote walivyojaa duniani, kwa nini nikamchagua huyu?

Jibu la ulinzi lilikuwa tayari mdomoni. Likakwama. Nikajisikia nikisema kwamba nimechoka watu kunipita kama stuli. Kwamba nilitaka mtu anipishe, hata kama ni kwa sababu ya mbwa. Sauti ilitoka nyembamba. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Ya suruali bado sikuyasema.

Mwenye nyumba akasema amenielewa, lakini watoto ni watoto. Anayetaka mbwa aondoke anyooshe mkono. Mikono ikaanza kupanda. Mmoja, miwili, minne. Mke wangu akanitazama. Balaa naye alikuwa anatingisha mkia kwa kila mkono uliopanda, akidhani anaitwa.

Hapo mama yake seremala akaomba aione hiyo suruali. Huyu bibi alikuwa mshonaji kabla macho hayajamchoka. Aliisogeza mpaka puani, akasema kwanza inanuka nyanya. Halafu akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa lile jeraha, taratibu, kuzunguka lote. Akasema pindo zuri sana, mishono imelingana. Akauliza huyu ni mbwa gani, akishamaliza kung'ata anakaa kitako kupinda?

Mkono wangu! Miaka ishirini na miwili ya kushona, mkono hauwezi kuacha kitambaa kikiwa na ukingo mbichi. Nilipinda lile jeraha bila kujijua.

Ua mzima ukaangua kicheko. Mikono ikashuka yote. Seremala alicheka mpaka akakaa chini, na Balaa akaenda kumlalia mapajani, kilo zake zote. Mke wangu alikuwa anacheka na kulia. Nilipiga magoti nikamkumbatia mbwa wangu mbele ya kila mtu, na kwa dakika moja hivi nilisahau kuona aibu.

Baadaye mwenye nyumba aliniita pembeni. Mbwa abaki. Lakini siku akisikia tena namsingizia mnyama huyu ukatili, tutafungasha wote watatu. Niliapa.

Seremala naye ameahidi kuzihamishia mbao upande wake. Akaniuliza mbona sikuwahi kumwambia kwamba zinanikera. Nikamkumbusha mara tatu zote. Akasema zile alidhani naomba radhi.

Jumatano, 12 Machi

Mlango uko wazi. Wateja wanaingia kifua mbele. Nilipaswa kufurahi.

Ila hakuna anayenipisha. Wanakuja moja kwa moja kwa Balaa, wanamkuna tumbo, wanamuuliza leo amepinda suruali ngapi. Mimi wananiruka.

Leo asubuhi amehamia mpangaji mpya, chumba cha mwisho. Karani fulani, mpole, ana mtoto mdogo. Hakuwepo Jumapili. Hajui lolote. Niliapa, ndiyo, lakini niliapa kuhusu wapangaji waliokuwepo.

Nikasimama naye koridoni. Nikamwambia kwa sauti ya chini asimtazame Balaa machoni. Kwamba alikuwa mbwa wa polisi, wakamstaafisha kwa kuzidisha. Nikamwambia pia idadi ya aliowang'ata, sikumbuki nilitaja wangapi. Akanipisha! Alijibana ukutani kabisa, sanduku kifuani, mtoto nyuma yake. Nilipita taratibu nikifaidi kila hatua.

Halafu akaniuliza kwa adabu sana mwenye nyumba anakaa mlango gani. Nimempeleka mwenyewe mpaka pale na nikambishia hodi. Mtu mstaarabu. Nadhani anataka kumshukuru kwa ulinzi.