Hija Yetu Shambani kwa Bibi Aneti

“Na nyinyi huku mlimani, mkitaka kuhiji, mnakwenda wapi?”

Nimeulizwa hivyo leo saa tatu asubuhi, na kiongozi wa wageni sita kutoka Nepali. Jamani, nimeumbuka mpaka masikio bado yanawaka! Ngojeni niwasimulie mwenyewe kabla dereva wetu, kaka Elia, hajawasimulia kwa chumvi.

Leo ilikuwa siku yangu ya majaribio kazini. Kazi yenyewe ni kuwatembeza wageni kwenye mabaki ya enzi za Mjerumani, hapa Arusha na Meru. Nikifanya vizuri, naajiriwa. Nikiharibu, narudi Kijenge kumsaidia mama kwenye genge lake la mboga, mimi na digrii yangu ya historia. Na wageni hawa si wa kupiga picha twiga. Wanatoka karibu na mahali alipozaliwa Buddha, wamekulia kwenye njia za mahujaji. Kiongozi wao ni mtawa mzee, kipara, mwenye joho la rangi ya machungwa, anayetabasamu muda wote.

Mimi mnanijua. Siamini kitu bila ushahidi. Kabla hatujatoka mjini nilishamsahihisha Elia mara mbili kuhusu historia ya boma la Mjerumani. (“Dada, mimi naendesha tu!”) Sasa mtu kama mimi aseme “sijui”? Nikawaambia wageni, “Subirini. Nitawaonyesha.”

(Nitawaonyesha nini? Hata mimi nilikuwa nasubiri.)

Tukapanda hadi shambani kwa Bibi Aneti, juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa. Mpango ulikuwa kuona msingi wa nyumba ya mlowezi wa Kijerumani, kumsalimia bibi, kunywa kahawa, basi. Bibi alikuwa bado anawakatia ng'ombe majani. Nyuma ya ule msingi nikaona mawe yamepangwa duara, yamezungukwa na masale. Masale! Yale majani marefu ambayo huku ukimpelekea mtu uliyemkosea, hana budi kukusamehe. Makaburini pia yanapandwa. Mawe, duara, masale. Ushahidi gani tena unatakiwa?

“Hapa,” nikasema kwa sauti ya profesa, “ndipo wazee walipokuja kuomba, hata Mjerumani alipowakataza.”

(Alipowakataza! Nani aliniambia? Hakuna.)

Wageni wakavua viatu. Mtawa akaunganisha viganja, akaanza kulizunguka duara huku akiimba taratibu, wenzake nyuma yake. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Mwili ukanisisimka! Mama mmoja mzee alikuwa anatokwa na machozi. Nami nikavua raba nikajiunga, mimi ambaye kanisani naonekana Krismasi tu.

Mzunguko wa tatu, Bibi Aneti akatokea na mzigo wa majani kichwani.

“Shikamoo, bibi!”

“Marahaba. Mjukuu wangu, hawa watu wamepatwa na nini?”

“Wanahiji, bibi.”

“Wanahiji chooni?”

Elia akakaa chini. Kwenye matope. Hakujali.

“Choo... cha nani, bibi?”

“Cha Mjerumani! Hayo masale nimepanda mimi, ndama wasitumbukie. Na wewe umewavulisha watu viatu?”

Mtawa akaniuliza bibi anasema nini. Nikafungua mdomo. Uongo wa pili ulikuwa tayari, na ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza! Bibi akaniwahi.

“Mwambie kweli, nakuona. Na mwambie shimo hili babu yangu alilichimba kwa viboko, kisha akakatazwa hata kulikaribia.”

Nikatafsiri. Yote. Choo, ndama, viboko, na kwamba yale ya wazee kuomba nimeyatunga mimi. Bibi akachuma sale moja, akanipa.

“Mpe. Na si kwa mkono mmoja!”

Basi nikampa mtawa kwa mikono miwili, kichwa chini, pekupeku, kando ya choo. Nikaliona genge la mama kabisa, na nyanya zake.

Yule mama mzee akafuta machozi. “Basi tuongeze mzunguko wa nne,” akasema. “Wa huyo babu.”

Nilipomtafsiria, Bibi Aneti akatua mzigo wake.

“Wa babu? Ngojeni kwanza nikavae kitenge changu cha kanisani.”

Tukamngoja. Alirudi amependeza, akatutangulia sote, akapaza wimbo wa Kilutheri. Mtawa nyuma yake na wimbo wake. Elia mwisho, na matope yake. Nyimbo mbili, haziendani hata kidogo, na hakuna aliyetaka kunyamaza! Sijawahi kuona kitu kama kile, na kwa mara ya kwanza sikuwa na swali.

Saa kumi jioni, ofisini, bosi akanisomea maoni ya wageni. Nimepata kazi! Ila chini kabisa mtawa alikuwa ameongeza maneno machache kwa mkono wake: kabla ya kunyoa kichwa alikuwa mhandisi wa maji taka, na choo alikitambua tangu mzunguko wa kwanza.