Kidole Gumba Changu na Gurudumu la Kapteni

Leo nimeumbuka. Jamaa zangu wa gereji, nawaandikia kutoka Koboko, kambini kwa Kapteni.

Mnakumbuka nilivyotoka Arua jana kwa mbwembwe? Fundi wa magurudumu ameitwa na Kapteni! (Niliwaaga kama naenda kuapishwa.) Gari lake la jeshi lina tatizo moja: gurudumu la nyuma linajazwa upepo asubuhi, kesho yake limelala.

Basi asubuhi nikapiga jeki, nikatoa tyubu, nikaijaza, nikaizungusha kwenye karai la maji. Hakuna povu. Nikazungusha tena. Hakuna! Nikapapasa tairi kwa ndani nikitafuta mwiba. Safi. Nikakagua rimu, labda kutu inakwaruza. Safi vilevile.

Kapteni alikuwa amenisimamia. "Fundi, upepo iko naenda wapi?"

Hapo ningesema sijui. Lakini mimi na sifa zangu! Nikajipangusa mikono. "Afande, tyubu hii nzima. Kuna mtu anatoa upepo usiku."

Jamani! Kapteni hakucheka. Gari hulala karibu na jiko, na jikoni hulala mtu mmoja tu, mzee Taban, mpishi. Papo hapo askari wawili wakamtoa, mwiko bado mkononi.

"Afande, mimi napika tu! Upepo ya gari mimi nafanyia nini?"

"Fundi nasema ni mutu. Peleka yeye ndani."

Siku hizi mtu akipelekwa ndani, hakuna anayethubutu kuuliza atatoka lini. Nilitaka kusema nimekosea, mdomo ukakataa kufunguka. (Mdomo uleule uliokuwa na maneno mengi!)

Taban akaniangalia. "Fundi, fanya tena. Mimi naona."

Nikatumbukiza tyubu. Hakuna povu.

"Toa mukono."

"Upi?"

"Ile iko nashika pale."

Nilikuwa nimeishika kwenye valvu, pale pa kujazia upepo, kidole gumba juu yake. Kama ninavyoshika siku zote! Nikatoa kidole. Povu likapanda taratibu, moja, jingine, jingine, mbele ya Kapteni na kikosi kizima.

Kisha Kapteni akacheka mpaka kofia ikamwanguka, na askari nao wakajua wanaruhusiwa kucheka. Taban hakucheka. Alikaa chini palepale, nami nikapiga magoti nikamwomba radhi huku nalia. Ndiyo, nililia.

Kapteni akatoa amri: wiki hii Taban ndiye atakayekagua magurudumu, mimi niende jikoni.

Kwa hiyo nawaandikia kando ya sufuria ya maharage. Msicheke, tafadhali. Na tyubu zote nilizowahi kuzipima hapo gereji nikasema nzima, zipimeni upya.