Mafuta ya Boîte

Jumatatu, 6 Julai

Basi limekamilika! Viti vya zamani vimetoka, makochi mekundu yameingia, na mapazia, na kioo cha bibi harusi kujitazama. Mtaa wetu mzima wa Kampemba hakuna basi kama hili. Jumamosi litampeleka Wivine, mdogo wa mke wangu, kanisani Kipushi kufunga ndoa. Nilimshawishi achague langu kwa soda na maneno matamu. Baba mkwe, Papa Alphonse, mzee wa reli, alitaka basi la Anaclet. Huyo Anaclet ni mwanyumba wangu, kaoa dada mkubwa. Yeye huitwa "mukwe yangu". Mimi, miaka yote hii ya ndoa, naitwa "ule Kasereka wa Butembo". Tena Mprotestanti. Jumamosi hayo yatakwisha.

Jumanne, 7 Julai

Fundi Onésime kafunga ekseli ya mbele, imetoka kwenye lori kuukuu. Ajabu tupu! Katikati ya kila gurudumu, kwenye kitovu, kuna kidirisha cha kioo. Unachungulia na kuyaona mafuta ndani. Yaani ungeyaona, kama yangekuwemo. Nimekaa chini mbele ya kidirisha mpaka mke wangu, Émerance, akaja kuuliza kama naumwa. Nikamwambia gurudumu lina jicho. Akarudi jikoni.

Jumatano, 8 Julai

Onésime yuko kwenye matanga Likasi. Kapiga simu. Magurudumu ya nyuma yanataka grisi, na ameshaiweka mwenyewe. Ya mbele ni kazi yangu. "Weka mafuta ya boîte, ifike kwa mustari ya kioo. Usiweke ingine." Simu ikakatika.

Nilikuwa nimeshavaa viatu kwenda kununua mjini. Nikapita jikoni. Nini kile rafuni? Boîte kubwa, kopo la maziwa ya unga, na ndani yake Émerance huweka mafuta ya ngazi, yaani mawese. Ni mafuta. Tena ya boîte. Nikavua viatu.

Nimemimina alipokwenda sokoni. Mungu wangu, rangi ile! Nyekundu, inang'aa kwenye kioo, nimesahau hata kupumua. Anaclet alipita, akachungulia, akauliza ni mafuta gani. Nikamwambia ni siri ya kazi. Basi lake lina vifuniko vya chuma tu, maskini.

Alhamisi, 9 Julai

Asubuhi baridi kali. Mafuta kwenye vidirisha yameganda! Magumu, rangi ya chungwa. Nikagonga kioo, hayakutikisika. Adhuhuri jua likapanda, yakayeyuka tena. Asubuhi grisi, mchana mafuta! Mafundi wanahangaika kuchagua kimoja, na mimi nina vyote viwili kwenye kitovu kimoja. Nimeita majirani waone. Mama Delphine amesema hata ya jikoni kwake yanafanya vile vile. Kuna watu hawana macho ya maajabu.

Émerance anatafuta mafuta ya kupikia sombe. Nimemshauri aulize kwa dada yake.

Jumamosi, 11 Julai

Niandike tu, ingawa mkono hautaki.

Tuliondoka vizuri. Mimi kwenye usukani, Papa Alphonse pembeni yangu kwa suti nyeusi. Nyuma, kwenye kochi, Wivine, mzuri mno, nusura nilie. Tulipouacha mji harufu ikaanza. Tamu! Ya kukaanga. Mashangazi wakauliza ni nani anapika. Mmoja akasema kumbe Kasereka ametutayarishia chakula, kumbe ana moyo. Sikukataa. Papa Alphonse akanigeukia, akanitazama kwa upole ambao sijawahi kuuona, akafungua mdomo: "Lakini, muk..."

Hapo gurudumu la kushoto likapiga kelele na moshi ukajaa dirishani.

Basi la Anaclet lilikuwa nyuma yetu na waimbaji, na Onésime ndani yake, amesharudi kutoka Likasi. Onésime akashuka, akasubiri chuma kipoe kidogo, akachovya kidole kwenye kitovu. Akanusa. Akaonja.

"Kasereka, hii ni mafuta ya ngazi."

Nikamjibu ndiyo, ya boîte, kama alivyoagiza.

"Boîte ya vitesse! Mafuta ya gia! Si boîte ya maziwa."

Émerance alisikia. Mashangazi wote walisikia. Wivine akavuka barabara ameshika gauni, akapanda basi la Anaclet. Papa Alphonse hakunigombeza. Alisema tu, "Mukwe, tuende." Nilikimbia kumfungulia mlango. Alikuwa anamwambia Anaclet.

Jumapili, 12 Julai

Nimelala kwenye makochi, kando ya barabara ya Kipushi. Ndoa sikuiona. Asubuhi Émerance amekuja na sahani ya wali na kuku wa jana. Akakaa nami mpaka nikamaliza. Nimeona aibu, nimelia kidogo. Nimemwahidi kwamba kuanzia leo nitamsikiliza fundi neno kwa neno.

Alhamisi, 16 Julai

Onésime amesafisha kitovu, ameweka beringi mpya na mafuta ya gia. Linatembea! Tena Wivine mwenyewe ameniombea: Jumapili nimlete na mume wake kutoka Kipushi kwa misa ya shukrani hapa Kampemba. Papa Alphonse amekubali. Ni nafasi ya mwisho, Émerance amenieleza, na amenieleza tena.

Imebaki betri tu. Onésime anasema imekauka, inataka maji. "Si ya robinet, ile ya bomba. Maji safi, safi kabisa, isikuwe na kitu ndani."

Safari hii nimesikiliza kila neno. Nimefikiri sana. Safi kabisa, katika mji huu wa vumbi? Halafu nikakumbuka: sebuleni kwa mama mkwe, chini ya picha ya Bikira Maria, kuna chupa. Padri mwenyewe aliyatia chumvi yale maji na kuyabariki siku ya Pasaka. Mama huyatumia tone kwa tone.

Nimeyamimina yote. Nimewasha taa, zikawaka! Nimebaki mdomo wazi. Jumapili nitamwambia Papa Alphonse kwamba mimi bado ni Mprotestanti, lakini basi langu limebatizwa.