Jiwe la Lombati Nyuma ya Choo

Jumatatu, 4 Julai 1983
Mimi Ndeti wa Kiilu nina miaka sabini na nne. Nimeona njaa tatu zikipita, nimezika machifu watano, na mke wangu Nthenya. Cheti cha ngumbaru ninacho, kiko ukutani. Sasa mpima barabara amepiga vigingi katikati ya boma langu hapa Mutomo! Kimoja mlangoni. Kingine juu ya Nthenya, pale kaburini chini ya mti wa mnyaa, mahali hakuna simiti, ni mawe tu. Tingatinga litaanza Jumatatu ijayo. Nikamwambia nimekataa. Akasema, mzee, kukataa hakuko kwa ramani.

Jumanne, 5 Julai
Hemedi wa duka, ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani na hachoki kutuambia, anasema Jumamosi bwana wa mambo ya kale atakuja kuangalia kaburi la huyo babu. Kitu kikiwa cha historia, hata barabara hukikwepa. Hukikwepa! Akanishauri nimwambie mpima kuhusu kaburi la mama Mbinya, yaani Nthenya wangu. Nilicheka. Nthenya aliuza mbaazi. Serikali ipinde barabara kwa ajili ya mbaazi? Serikali inataka Wazungu wa zamani. Na mimi nina jiwe kubwa nyuma ya choo.

Alhamisi, 7 Julai
Siku mbili za nyundo na patasi. Kidole gumba kimevimba kama kiazi. Lakini tazama: LOMBATI ALIPUMUZIKA HAPA 1849. Lombati ndiye Mzungu pekee ninayemjua jina, alikuwa bwana yetu kule kwa shamba la katani. Binti yangu Mbinya akauliza mbona maandishi ya zamani yanang'aa. Nikayapaka mavi ya ng'ombe. Akauliza tena mbona Mzungu alipumzika karibu hivyo na choo. Hana heshima.

Ijumaa, 8 Julai
Tingatinga limefika! Limesimama kwa shamba la jirani Muli. Dereva alijaribu injini, vikombe vyangu vikatetemeka kabatini. Mbinya akaanza kutoa vitu nje. Nikavirudisha. Akavitoa. Sijala kitu. Nimekaa kwa Nthenya tangu asubuhi, nikimweleza mpango.

Jumamosi, 9 Julai
Bwana wa mambo ya kale anaitwa Jonah. Miwani, kalamu tatu. Hemedi kamganda nyuma. Nilieleza vizuri sana! Bwana Jonah akagusa maandishi, akanusa kidole. Akauliza Lombati ni Mzungu wa wapi. Nikasema Uingereza kabisa. Hemedi akashika mbavu: Robati, mzee wangu, Robati! Hata Mzungu umemfanya Mkamba! Bwana Jonah akasema hajawahi kuona Mwingereza aliyeandika jina lake kwa ulimi wa Mutomo. Akafunga daftari.

Nikaketi juu ya jiwe. Nikamwona Hemedi akimvuta mkono hadi kwenye mnyaa. Wakasimama pale muda mrefu. Bwana Jonah akavua kofia. Wananicheka bado.

Jumatatu, 11 Julai
Saa mbili tingatinga likanguruma. Nikalala juu ya jiwe, nimelikumbatia, macho nimefumba. Likaja. Likaja. Likapita mbali! Vigingi vimehamishwa, hatua thelathini, vikaingia shamba tupu la Hemedi.

Mbinya ana hadithi yake. Ati mpima alisema hakuna mtu aliyemwambia pale pana kaburi mpaka Jumamosi, ati yeye hawezi kupitisha barabara juu ya mama wa watu. Ati Hemedi mwenyewe ndiye alitoa kipande cha shamba. Maneno ya jikoni! Ni Lombati. Bwana Jonah aliona haya kukubali mbele ya Hemedi, basi.

Nimeazima patasi tena. Karibu na zizi kuna jiwe la pili, laini. Hapo atapumzika mke wa Lombati.

Anayebisha, mashahidi ninao: Mbinya, na Hemedi akimaliza kucheka, na Nthenya, ambaye nilimweleza mpango wote na hakupinga hata mara moja.