Naomba Kuvuka Mto Mikono Mitupu

Mtaa wa Kamisawa,
Nyumba iliyo nyuma ya kinyozi,
Mwanzoni mwa mwezi wa saba.

Kwa Mheshimiwa Mtawa Mkuu Gensho,
Hekalu la mtaani kwetu.

Mheshimiwa,

Pokea heshima zote ambazo muumini anampa mtawa wake, pamoja na mapenzi yote ambayo mwalimu wa jiografia anampa mwanafunzi wake wa zamani, hata yule aliyekuwa akilala darasani kila tulipofika kwenye mito. Natumai goti lako limepona tangu ulipoteleza kwenye ngazi za kengele. Mimi sijambo, isipokuwa ninakufa. Daktari ameniambia kwa upole kwamba nisijisumbue kununua kalenda mpya. Hilo silo ninalolilalamikia. Nimefundisha habari za dunia hii maisha yangu yote, sehemu iliyobaki kuiona ni moja tu, na ninaingojea kama mtoto anavyongoja safari ya shule.

Malalamiko yangu yanahusu mizigo.

Katika mawaidha yako ya mwezi uliopita, baada ya sala na kabla ya chai, uliwatangazia watu hivi: “Mwalimu Isonaga anakaribia kuvuka mto. Mwenye cha kumpelekea marehemu wake amwone mapema, tusije tukasukumana siku ya jeneza.” Nimesimuliwa na watu kadhaa, na wote wamesimulia maneno yaleyale, jambo ambalo halijawahi kutokea mtaani petu. Najua ulitaka kuwafariji. Lakini tangu siku hiyo, Mheshimiwa, nyumba yangu imegeuka stesheni, na mimi nimegeuka behewa la mizigo.

Wewe unanijua. Katika mji huu mimi ndiye mtu wa mzigo mwepesi. Nimezunguka nchi hii kutoka kaskazini hadi kusini na kitambaa kimoja cha kufungia, ndani yake shati moja, nguo ya ndani moja na mswaki niliokata mpini. Nilipowapeleka ninyi wanafunzi wangu milimani mlibeba mabegi makubwa kama makabati, nikawafanya mfungue kila kitu kando ya njia na kumwuliza kila mmoja, “Hiki kitakusaidia nini?” Nakumbuka wewe ulikuwa na toroli la kuchezea. Nimeishi kwa imani hiyo, na ninataka kufa kwa imani hiyo. Na tazama jinsi mababu zetu walivyoipanga vizuri safari ya mwisho! Joho jeupe lisilo na mfuko, viatu vya majani ya mpunga, fimbo, na kijaluba shingoni chenye nauli ya kivuko, nayo siku hizi ni picha tu ya sarafu iliyochapwa kwenye karatasi. Hakuna msafiri duniani aliyewahi kufunga mzigo safi kuliko maiti wetu. Halafu ninyi mnataka kunipakia kama punda wa mchele.

Naomba niyaeleze malalamiko kwa utaratibu.

1. Vifurushi vyenyewe. Nilidhani wahudumu wa tanuri la kuchomea maiti wangeniokoa, kwa kuwa wamekataza chupa, vyuma na matikiti maji ndani ya jeneza. Sikuwa nimeupima ujanja wa majirani zangu. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa kinyozi Kanbe, amebeba sake, pombe ya mchele, aliyoimimina kwenye boksi la maziwa.

“Ya baba,” akasema. “Nimeiweka kwenye karatasi, Mwalimu. Tanuri halina neno.”

“Kanbe, baba yako aliuawa na pombe.”

“Ndiyo maana sasa haiwezi kumfanya kitu.”

Nikaipokea, na kwa mwalimu hiyo ni aibu. Siku iliyofuata ikaja familia ya duka la mchele na mfuko wa mchele mpya, kwa sababu babu yao hakuwa akila mchele wa mwaka jana. Nikawaambia kwamba babu amekwisha kukaa huko miaka mingi, bila shaka amekwisha kuzoea. Wakasema, “Humjui babu.” Kisha akaja mama mmoja wa njia ya chini na kifurushi cha mifupa ya kuku kwa ajili ya mbwa wake. Nikamwuliza, kwa adabu, nitamtambuaje mbwa kati ya mbwa wote waliokufa tangu dunia iumbwe.

“Utamjua tu, Mwalimu,” akanijibu. “Si ndiye aliyekung’ata?”

2. Maneno. Kuna waliosikia kwamba nalalamikia uzito, wakaona njia ya kunihurumia ni kunituma kwa mdomo. Mheshimiwa, maneno nayo ni mzigo, tena huwezi kuyaegesha chini ukapumzika. Bi Umeno, mjane wa mtengeneza tofu, ile jibini ya soya, alikaa kando ya godoro langu akaninyooshea kidole kana kwamba mume wake ni mimi:

“Mwambie yule mzembe nimeuona ufunguo wa ghala. Ulikuwa kwenye koti lake! Koti lake la baridi! Mimi nimevunja mlango, nimemlipa fundi, nimemtukana mdogo wangu bure. Mwambie hivyo hivyo.”

“Nitamwambia ufunguo umepatikana.”

“Siyo ‘umepatikana.’ Sema kwa sauti niliyosemea mimi. Hebu jaribu.”

Akanifanyisha mazoezi. Nilipumzika mara mbili ili nivute pumzi, naye akaniambia sina hasira ya kutosha. Alipoondoka alinigeukia mlangoni akasema, taratibu sasa, “Halafu umwambie tofu yangu bado haifikii yake. Lakini hilo umwambie mwishoni.” Kwa hiyo ujumbe una mpangilio pia, na mimi siku hizi nasahau hata kama nimekunywa dawa.

3. Binti yangu Chizuru. Majirani ningeweza kuwafungia mlango, lakini huyu ana ufunguo. Amekwisha kupanga pembeni soksi za sufu, mkanda wa kupasha tumbo joto, meno yangu ya akiba, na miwani yenye fremu ya plastiki aliyoagiza maalumu kwa sababu ya katazo la vyuma.

“Chizuru, mwanangu,” nikamwambia, “ninakwenda peponi. Siendi Hokkaido kwenye theluji.”

“Hata ulipokwenda Hokkaido ulisema hutaki soksi, Baba. Ukarudi na kikohozi cha miezi miwili.”

“Safari hii sirudi.”

“Ndiyo maana nimeweka jozi mbili.”

Nakuomba utambue, Mheshimiwa, kwamba mantiki ya namna hii haiwezi kushindwa na mtu aliyelala chali.

4. Hapa ndipo jambo linapotoka nje ya mtaa na kuwa hatari kwa ulimwengu wote. Wewe na mimi tumelelewa katika nchi ambayo zawadi haifi. Ukimpelekea mtu peasi, lazima akurudishie kitu cha nusu ya thamani yake, akichelewa hapati usingizi. Unadhani wafu wetu wameisahau adabu hiyo? Baba yake Kanbe hakuwahi kudaiwa hata njiti ya kiberiti. Nikimfikishia sake, atanikabidhi kitu cha kumrudishia mwanawe. Babu wa mchele atafanya hivyo. Mbwa naye sijui, lakini alikuwa mbwa wa familia yenye adabu.

Sasa sikukuu ya wafu itafika mwezi wa nane, nasi wafu tutarudi nyumbani kama desturi. Mtachomeka vijiti kwenye tango liwe farasi wa kutuleta mbio, na vijiti kwenye biringani liwe ng’ombe wa kuturudisha polepole pamoja na mizigo. Nimeyatazama matango ya Chizuru bustanini. Ni membamba. Je, farasi kama huyo atanibeba mimi pamoja na zawadi za kurudisha za mtaa mzima? Nitaanguka njiani, na utasikia minong’ono kwamba Isonaga amekula vitu vya watu. Tuseme nimefika salama. Majirani watapokea, watafurahi, na kwa kuwa wamepokea, nao watarudisha! Nitapandishwa juu ya biringani nikiwa na shehena mpya. Mwaka unaofuata vivyo hivyo. Nitakuwa nimekufa ili nianzishe kampuni ya usafirishaji.

Tena mtaa unakua, wafu wanaongezeka, kazi itanizidi. Itabidi nitafutiwe msaidizi. Msaidizi wa kazi hiyo, Mheshimiwa, hawezi kupatikana kwa tangazo gazetini. Lazima naye afe. Nimeona jinsi watu wanavyoanza kumtazama Kanbe, na Kanbe ana mtoto anayeoa majira ya majani kupukutika. Unaona mahali ambapo kifurushi kimoja cha mifupa ya kuku kinaweza kuifikisha jamii?

5. Hili nilitaka kuliacha, lakini mtu anayekufa akificha sababu yake ya kweli, amefunga mzigo mwingine. Naungama kwako, wewe unayepokea maungamo bila kusinzia siku hizi.

Nilisema mimi ni mtu wa mzigo mwepesi. Ni kweli, wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi nilikuwa kama watu wote: maboksi ya peremende kwa walimu wenzangu, keki za maharage kwa jirani wa kulia, na za ukubwa uleule kwa jirani wa kushoto ili pasizuke ugomvi. Marehemu mke wangu Sumie alibeba yake, nami yangu. Siku moja tulikuwa katika stesheni ya Osaka, umati umefurika, watu wanapita kama maji ya bwawa lililobomoka. Sumie akasema, huku akitazama mbele kana kwamba anasoma ubao wa treni:

“Nishike mkono, nitapotea.”

“Kwa mkono upi?” nikamwuliza, nikamwonyesha maboksi.

Akacheka. Akashika uzi wa boksi la chini, na hivyo ndivyo tulivyovuka stesheni, yeye ameshika uzi na mimi nimeshika boksi. Sisi watu wa rika letu hatukuwa tukishikana mikono hadharani; ilikuwa mara moja tu aliyoniomba, na siku hiyo mikono yangu ilikuwa imejaa keki za jirani.

Amenitangulia miaka tisa sasa. Nina hakika atakuwa amesimama ng’ambo ya mto, mbele kabisa, kwa kuwa hajawahi kuchelewa stesheni. Ninataka nishuke kwenye kivuko mikono ikiwa mitupu, yote miwili, nayo ionekane kutoka mbali. Ndiyo sababu ya barua hii. Hayo mengine ya matango ni kweli pia, lakini hii ndiyo sababu.

Kwa hiyo ninaomba, kwa unyenyekevu, utangaze katika mawaidha yako yajayo kwamba mizigo yote irudishwe kwa wenyewe. Kwamba jeneza langu lisiwekwe kitu ila mimi, na mimi mwenyewe nimekwisha kujipunguza vya kutosha. Na kwamba Bi Umeno, ikiwezekana, amwambie mumewe mwenyewe mbele ya madhabahu ya nyumbani kwake, kwa sauti anayoitaka.

Nisalimie mkeo, maana watawa wa nchi yetu huoa, na mpishi wa hekalu, mafundi wa paa, wazee wa chama cha bustani, paka wenu wa mguu mmoja mbovu, na wote watakaoniulizia. Waambie sina kinyongo na mtu. Nina vifurushi vyao tu.

Ni mimi, muumini wako mwaminifu na msafiri mwepesi,

Teizo Isonaga,
Mwalimu mstaafu wa jiografia.

N.B. Nilimpa Chizuru barua hii aisome ili tusahihishe makosa. Alisoma yote. Alipomaliza, alipangusa macho, akaniuliza:

“Baba. Umesema utafika mikono mitupu?”

“Ndiyo.”

“Kwa Mama?”

“Ndiyo, mwanangu.”

“Miaka tisa hamjaonana. Baba yake Kanbe anapata sake, mbwa anapata mifupa. Halafu Mama anaambiwa nini? ‘Nimekuja mwenyewe’?”

Mheshimiwa, nilihisi baridi kali kuliko ile ya Hokkaido. Nilikuwa karibu kufanya kosa ambalo hakuna mume wa nchi hii aliyewahi kusamehewa. Nilimwambia Chizuru achukue karatasi upesi. Tulianza na boga dogo, tamu kama asali, ambalo Sumie alikuwa akilipanda. Hilo peke yake. Lakini huwezi kumpa mtu boga bila chumvi ya mwani. Kisha viazi vitamu vilivyokaushwa. Kisha ile kofia ya majani aliyoitamani dukani nikamwambia ‘itakusaidia nini?’ Chizuru ameitafuta inayofanana nayo, ina ukingo mpana, haikunjiki. Kisha picha za wajukuu, magazeti yenye mafumbo ambayo hakuyamaliza, na kimono ya rangi ya zambarau, maana kaondoka na ile ya kijivu na najua amekuwa akinung’unika.

Kwa hiyo sahau tangazo. Tafadhali mwulize seremala kama ana jeneza pana zaidi. Na kwa kuwa nafasi itakuwepo tu, mwambie Kanbe alete boksi lake, wa duka la mchele walete mfuko, na Bi Umeno aje kesho tuendelee na mazoezi. Nimeanza kuipata ile hasira. Soksi pia ziwekwe, jozi zote mbili.

Sharti langu ni moja. Vitu vyote vipangwe upande wa kushoto. Upande wa kulia msiweke kitu, hata ua. Sumie hutembea upande huo.