Faili la Bega

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Siku mbaya. Mke wangu amenipa mpaka Jumamosi.

Alisema asubuhi, huku akihangaika kuvaa blauzi kwa mkono mmoja. Bega la kulia halinyanyuki tena. Shingo haigeuki. Amechoka, alisema. Jumamosi dada yake atakuja na gari kumchukua, yeye na binti yetu na cherehani, na hajui atarudi lini. Akaongeza mengine kuhusu ndoo, kuhusu ngazi hamsini na nne, kuhusu pampu ya maji iliyokufa. Kwa pampu nimeshamzoea. Mwezi wa tatu huu, wimbo ni uleule.

Bega ndilo la kushughulikia. Mke wangu ni mshonaji, anainamia cherehani kutwa nzima. Mtu yeyote mwenye akili anaona tatizo liko wapi.

Kazini nikafungua faili jipya: BEGA/1. Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kwangu jambo lisilo na faili halijaanza. Karani mwenzangu alinieleza kuwa shangazi yake aliumwa mgongo mpaka akakata tamaa, akakandwa wiki mbili, akapona mgongo na hata mawazo. Nikaruka kitini. Nitajifunza kukanda! Ijumaa nitamkanda mwenyewe, Jumamosi dada mtu atarudi na gari tupu.

Jioni nikakutana na Mzee Spana kwenye ngazi. Huyu ni fundi bomba mstaafu wa ghorofa ya chini, na presha yangu yote imetoka kwake. Siku pampu ya jengo ilipokufa alichungulia dirisha la chumba cha pampu, akatangaza mbele ya wapangaji wote kuwa ni kimpira tu kimekatika, kazi ya nusu saa, apewe ufunguo. Apewe ufunguo! Mwenyekiti wa kamati ya wapangaji ni mimi. Uchaguzi ni mwisho wa mwezi. Akileta maji yeye, mimi nitapigiwa kura na nani? Suala linashughulikiwa kwa maandishi. Nimemwandikia mwenye nyumba barua kumi na moja. Hajajibu hata moja, lakini nakala zote ninazo. Na ufunguo nimeutia kamba, nauvaa shingoni, siuvui hata nikioga kwa kopo.

Aliniuliza mama watoto anaendeleaje, maana asubuhi alimkuta amekaa katikati ya ngazi, ndoo pembeni, analia. Nikamjibu kuwa hilo lina faili lake.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Nimekwenda kwenye kliniki ya kukanda, nyuma ya ofisi yetu. Masomo yao huchukua miezi sita. Mimi nina siku nne. Kwa hiyo niliingia kama mgonjwa, nikaeleza maumivu ya mke wangu kama yangu, nikikusudia kukariri kila mahali mkono utakapopita. Akili hiyo!

Mkandaji ni mama mmoja mpana, mpole wa sauti. Aliuliza kila siku ninabeba nini kizito. Nikasema sibebi kitu. Akauliza tena. Nikasema mafaili. Akanibonyeza bega, akasema kaka, bega hili halijabeba kitu siku nyingi, limelala tu. Akaendelea kwamba kukanda kunapunguza maumivu na kunatuliza akili kweli, ila mtu akirudi kwenye kile kinachomuumiza, basi ni sawa na kudeki chumba huku bomba linamwaga. Hilo sikuliandika. Halihusu mikono.

Nikalala kifudifudi, uso kwenye lile tundu la kitanda. Dakika za kwanza nilikariri vizuri. Halafu sijui kilichonipata. Machozi yakaanza kutoka yenyewe. Niligundua kuwa tangu pampu ife hakuna mtu aliyenigusa. Mke wangu hulala amegeukia ukuta. Zamani tukishakula alikuwa akininyooshea miguu mapajani, nami nambonyeza vidole, tunasengenya watu wa kazini kwangu mpaka binti anatuambia tupunguze kelele. Nililia kupitia lile tundu, machozi yakadondokea viatu vya mkandaji. Yeye alisogeza tu mguu.

Kisha nikalala usingizi. Nikaamshwa muda umekwisha.

Nilikariri mambo matatu. Nilipofika nyumbani nilikumbuka moja: kutoka shingoni kushuka.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Mazoezi. Karani mwenzangu alijitolea shingo yake kwa moyo mweupe, wakati wa chai. Nilimkalisha nyuma ya kabati la mafaili ya zamani. Nikaanza shingoni, nikashuka. Kikasikika kitu kama kijiti kinavunjika.

Hawezi kugeukia kulia. Mchana kutwa amehudumia watu huku anatazama dirisha. Saa tisa mkuu wa idara alimwita, akaingia kiubavu, akajieleza akiwa ameukodolea macho ukuta. Mkuu akadhani anadharauliwa. Ukweli ukatoka. Nimepewa barua ya onyo.

Nimeitia ndani ya BEGA/1. Inahusika.

Nyumbani, mke wangu alikuwa anakunja nguo na kuzipanga juu ya kiti. Nikafanya kama sioni.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Binti yangu amenishangaza. Ana miaka kumi na sita, mtulivu, anasoma sana. Kabla ya kwenda shule aliweka ndoo ya tatu jikoni, akapumzika, akasema Baba, ungembebea Mama mbili tu za asubuhi, labda angebaki. Aliyasema bila kunitazama.

Nilimweleza kwamba kubeba ndoo ni kukubali kushindwa. Siku mwenyekiti ataonekana na ndoo, Mzee Spana ameshashinda uchaguzi. Halafu yapo mambo makubwa zaidi ninayomfanyia mama yake, avute subira mpaka kesho. Akasema sawa Baba. Ile sawa yake imenikaa kifuani mpaka sasa.

Nguo kitini zimeongezeka.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Niliukaribia ushindi kabisa!

Baada ya chakula cha jioni nilimwomba mke wangu akae kwenye kigoda. Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego uko wapi. Nikamwambia nimejifunza kukanda kwa ajili yake. Akakaa, akashusha blauzi begani.

Mafuta ya kupaka yalikuwa yamekwisha. Nikatumia yaliyobaki kwenye kikaango. Yalikuwa na vipande vya vitunguu, lakini mafuta ni mafuta.

Bega lake ni gumu kama ubao. Miaka ishirini ya ndoa, sikulijua bega hili. Nilianza shingoni, nikashuka taratibu, kwa woga, na yeye akashusha pumzi ndefu. Akasema hapo. Hapohapo. Nilitaka kumwambia nimemkumbuka, ingawa tunalala kitanda kimoja.

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sijaisikia siku nyingi, kama kesho asubuhi nitampa yule mzee ufunguo. Hilo tu. Akasema nikimpa, atamwambia dada yake asije.

Nikamkumbusha kuwa uchaguzi ni mwisho wa mwezi.

Bega likarudi kuwa ubao mikononi mwangu. Nikaona dawa ni kuongeza nguvu. Nikaweka vidole gumba. Kila nilipoinama, ufunguo ulining'inia ukamgonga kisogoni, ko, ko, ko. Akaniomba niuvue. Nikauvua, nikauweka mezani karibu na kopo la sukari. Nikapiga moyo konde, nikaweka kiwiko.

Alipiga kelele mpaka binti akatoka chumbani mbio.

Kunawa mafuta yale kulimaliza ndoo nzima. Mke wangu aliitazama ndoo, akanitazama mimi. Akasema asante. Akaenda kufunga begi.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Wameondoka.

Shemeji alifika saa tatu. Aliitikia salamu yangu kwa kidevu. Nikaona nafasi yangu ya mwisho, nikajitwisha cherehani begani, nikaishusha mwenyewe ngazi zote hamsini na nne, peke yangu, jasho linatiririka. Nilitegemea mke wangu ataona. Aliona. Akasema niiweke nyuma, nisiifinye miguu.

Binti alinikumbatia kwa haraka. Akasema chakula kiko kwenye sufuria, Baba, cha siku mbili.

Mke wangu alisimama mlangoni kwa Mzee Spana kumuaga. Walishikana mikono muda mrefu mno kwa watu wanaoagana. Nimeliweka akilini.

Nyumba ni kubwa ghafla. Ilipokaa cherehani pamebaki mraba mweupe sakafuni na sindano moja. Nimeiokota, nimeichoma kwenye jalada la BEGA/1 isipotee. Sina hamu ya kula. Nimejilaza upande wake wa kitanda, ule wa ukutani. Ukuta una baridi.

Jumapili, tarehe 15 Machi

Maji!

Niliamka miguu ikakanyaga maji. Bomba la jikoni tuliliacha wazi tangu lilipokauka, nalo linamwaga kwa nguvu zote. Sebule imejaa. BEGA/1 lilikuwa chini ya kitanda. Sasa ni uji.

Nje wanawake wanapiga vigelegele. Mtu anafua. Mtu anaosha ngazi, hivihivi tu, kwa raha. Mzee Spana amekaa uani, suruali imelowa mpaka magotini, watu wamemzunguka wanampa mikono. Nikapapasa kifua. Ufunguo hakuna! Nikaukuta umefungwa kwenye kitasa cha mlango wangu, na kamba yake, kwa heshima zote.

Nikampigia mke wangu simu nikiwa nafoka. Hakukana. Alisema ndiyo, aliuchukua mezani, akampa mzee walipoagana, na angejua ni rahisi hivyo angefanya hivyo tangu mwezi wa kwanza. Hana hata haya.

Kisha akasema jambo lililonimaliza hasira zote. Bega limepungua! Tangu jana hajabeba kitu, amelala fofofo, na asubuhi ameweza kunyanyua mkono akafunga kilemba mwenyewe. Akasema binti ana shule, kwa shemeji ni mbali. Maji yakiendelea kutoka, Jumatano watarudi. Akarudia: yakiendelea kutoka. Sauti yake ilikuwa laini. Nilisikia binti akicheka nyuma.

Nilikata simu nikacheza peke yangu ndani ya maji sebuleni. Kukanda kumefanya kazi! Kumbe huchukua siku mbili kupenya kwenye mfupa. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo, watu ndio hawana subira.

Jumatatu, tarehe 16 Machi

Nimelala vizuri, nimeamka na mawazo safi, na mawazo safi yamenionyesha hatari. Chumba cha pampu kimefunguliwa bila idhini ya mwenyekiti. Mali ya jengo imetengenezwa na mtu asiye na barua. Nikinyamaza, mwisho wa mwezi nimekwisha.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kazini nilishuka nikazima pampu. Nikaweka kufuli jipya, kubwa, juu ya lile la zamani. Funguo zote mbili ziko shingoni. Nimemwandikia mwenye nyumba barua ya kumi na mbili, nikiomba maelekezo. Akijibu tu, maji yatarudi kihalali, kwa mkono wangu.

Wapangaji hawajapenda. Mama wa ghorofa ya pili amenitukana mbele ya mwanawe. Wengine wanasema watavunja kufuli. Waandike barua. Mzee Spana alinitazama tu, akatikisa kichwa, akaingia ndani kwake akafunga mlango polepole. Nimemshinda na yeye anajua.

Sasa ni kujiandaa kwa Jumatano. Nimenunua mafuta mazuri ya kukandia, yenye harufu. Nimefungua BEGA/2. Na kwa kuwa wakirudi watahitaji maji, nimekwenda bombani mtaa wa pili, nimepandisha ndoo mbili mwenyewe, giza lilipoanza kuingia ili nisionekane. Mbili tu. Nilipumzika mara sita. Katikati ya ngazi nilikaa kabisa, ndoo pembeni.

Bega la kulia halinyanyuki. Shingo haigeuki. Kalamu nimeishika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Hakuna mtu wa kunikanda. Nimejaribu kujisugua kwenye kizingiti cha mlango, kama ng'ombe, haikusaidia.

Nimetafakari sana chanzo chake, na nimekipata, nimekiandika ukurasa wa kwanza wa BEGA/2 kwa wino mwekundu. Ni ile cherehani niliyoishusha Jumamosi.